Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Cheti cha Asiyeugua

Kwa Wizara ya Afya, Afya House, Nairobi.
Nakala: Wizara ya Leba, ambayo huenda ikashangaa kuipata.

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi zetu. Tangu Juni 10, 2020, mlipozindua mwongozo wa kuwatunza wagonjwa wa korona nyumbani, Wakenya wana maandishi yanayowaeleza namna ya kuugua bila kumwambukiza mtu. Mgonjwa akae peke yake katika chumba chenye hewa ya kutosha, vyombo vyake visichanganywe na vya wengine, choo kisafishwe kila anapokitumia, na anayemhudumia awe mtu mmoja mwenye afya njema. Kitaalamu, hatuna la kupinga. Kasoro ni kwamba maagizo hayo yanataka nyumba. Mathare, Mukuru na Kibera, familia nzima hukaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia ndilo ukuta kati ya kitanda na jiko, na choo ni cha ploti nzima. Mgonjwa wa huko akiutii mwongozo neno kwa neno na kukitwaa chumba chake peke yake, jamaa zake wote wanahamia nje, na nje wakati ule kulikuwa na kafyu na rungu la polisi.

Lakini tusiwaonee kwa habari ya vyumba, maana Wizara ya Afya haijengi nyumba. Tunachoomba mtusaidie ni hesabu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Karantini mliyotangaza mwanzoni mwa janga ilikuwa ya siku 14. Ondoa 14 kwenye 14. Mfanyakazi aliyejitenga kwa utiifu mwezi wa Aprili alikuwa amekwisha kula haki yake yote ya kuugua, na malaria ya Novemba ingebidi iombwe isubiri mwaka mpya. Na huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu yeye aliugua kweli. Mwenzake wa nyumbani, aliyeamriwa abaki ndani kwa kuwa tu wanalala chumba kimoja, hakuwa na homa wala kikohozi. Cheti cha daktari hutolewa kwa asiyeweza kufanya kazi, naye aliweza. Alichokosa ni ruhusa yenu ya kwenda kuifanya. Wakili atasema kwamba agizo la afya ni sababu halali ya kukosa kazini, hivyo asingefutwa. Vyema, ila kutofutwa hakulipi kodi ya nyumba.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu yote: mlitunga kanuni ya kumlinda jirani, kisha gharama yake mkamwachia anayejitenga. Anayebaki ndani hajinufaishi yeye. Anawanufaisha abiria ambao hatapanda nao matatu na wafanyakazi ambao hatawakoholea. Manufaa ni ya umma, bili ni yake. Na bado tunazungumzia wale wenye mkataba wa kazi tu. Ukiacha kilimo cha mashamba madogo, takwimu za KNBS zinaonyesha kwamba zaidi ya wanane kati ya kila Wakenya kumi wanaofanya kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga hana wa kumpelekea cheti. Kuanzia Aprili 2020 serikali iliwasamehe kodi ya mapato wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, hatua ya huruma kubwa kwa kila aliye na hati ya malipo. Vijana wa mitaa ya mabanda nao wakapewa Kazi Mtaani, wakalipwa kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Yaani katika mwaka ambao tuliimbiwa tubaki nyumbani, maskini alilipwa kwa sharti kwamba atoke.

Kurudi kazini nako kulikuwa na vituko vyake. Mei 27, 2020, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mgonjwa mwenye dalili anaweza kuachiliwa siku 10 baada ya dalili kuanza, na nyingine 3 zisizo na homa wala dalili za kifua, bila kupimwa tena, kwa sababu kipimo kinaweza kuendelea kuona mabaki ya virusi kwa mtu ambaye haambukizi tena. Wapo waajiri walioshikilia kipimo safi hata hivyo, na katika hospitali za binafsi kipimo kiligharimu maelfu ya shilingi. Kibarua akalazimika kukopa ili aruhusiwe kwenda kutafuta pesa.

Tunajua majibu yenu. Mtasema mkilipa watu kwa kujitenga, nchi nzima itakohoa. Huenda, lakini aliyejitenga kwa korona alithibitishwa na maabara na maafisa wenu wenyewe. Kama hamziamini orodha zenu, mliwafungia watu kwa orodha gani? Mtasema pia hazina ni tupu, na kwamba Uingereza, iliyowalipa pauni 500 watu wa kipato kidogo walioamriwa kujitenga kuanzia Septemba 2020, ni tajiri. Basi tuvuke Namanga. Tanzania, ambayo mwaka huo haikuwa na mengi ya kututangazia kuhusu korona, ina sheria ya ajira ya mwaka 2004 inayotoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa kipindi hicho hicho, zetu ni 42. Utajiri hauelezi pengo hilo.

Mtatuambia korona imepita. Julai 31, 2024, mlitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Mgonjwa wa mpox hujitenga mpaka magamba yadondoke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na kifungu cha 30 kiko pale pale na siku zake 14, nusu yake kwa nusu. Wala hamwezi kusema serikali haijawahi kugharamia chumba cha mtu wa kujitenga. Mwaka 2010, kwa nguvu za Sheria ya Afya ya Umma, wagonjwa wa kifua kikuu waliodaiwa kuacha dawa walipelekwa gereza la Kapsabet, penye msongamano ambao bakteria wa kifua kikuu hawangeweza kuubuni vizuri zaidi. Mahakama Kuu ilisubiriwa hadi 2016 kutamka kwamba hilo lilivunja Katiba.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo, nanyi mkalipange pamoja na wenzenu wa Leba kabla ya mlipuko ujao. Kila anapoamriwa mtu mzima wa afya abaki ndani, mwajiri wake atumiwe karatasi: ina muhuri wenu, inataja siku, na inasema nani atazilipa. Mstari huo wa mwisho mkiuacha wazi, msisumbuke kuchapisha.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa miongozo yenu