Muulize Shangazi: Maji Yanang'aa, Samaki Wanakufa

*Shikamoo shangazi. Nimenunua tangi la kioo la lita 60 na samaki wa dhahabu 10, wote siku moja. Wiki haijaisha wakaanza kuja juu kuhema, mashavu mekundu, na sasa nazika kila asubuhi. Maji yanang'aa ajabu. Jirani yangu ana kijicho. Je, nimerogwa? – Kijana wa Tabata*

Marahaba mwanangu. Muache jirani wa watu. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake kila anapopumua, na chakula kinachobaki na kuoza huiongeza. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kung'aa huku yanaunguza. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wanaoota kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa. Wewe umeingiza wapangaji kumi kabla choo hakijachimbwa, tena kwenye chumba kimoja, maana lita 60 haziwatoshi hata filta ikikomaa.

Nunua kipimo cha amonia cha matone. Chota maji kwenye kichupa, dondosha dawa, tikisa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake (zote, si mbili za haraka haraka), kisha linganisha na kadi ya rangi. Njano ni sifuri, na sifuri ndiyo tunayoitaka. Ikianza kuwa kijani, una kesi. Soma mchana, karibu na dirisha, kadi ikiwa mkononi. Taa za sebuleni zimewadanganya wengi. Ukikuta 0.5 au zaidi, badilisha nusu ya maji leo hii, punguza chakula, pima tena kesho. Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini, la sivyo utawaua bakteria unaowasubiri. Na waliobaki wagawie wenzio. Hata huyo jirani.

*Hujambo shangazi? Mume wangu huamka usiku kwenda sebuleni kutazama kichupa cha maji mbele ya taa. Mimi hanitazami hivyo. Juzi nilimsaidia: nikaiosha filta yake kwa sabuni na maji ya mfereji hadi ikawa nyeupe pepepe. Badala ya ahsante, kanuna. – Mama Nyumbani, Mombasa*

Sijambo mama. Ule utelezi wa kahawia uliousugua ndio uliokuwa ukifanya kazi yote humo ndani. Sponji haisuguliwi, hukamuliwa polepole kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa humo humo tangini, na sabuni haigusi kabisa. Kwa sasa muache apime kila siku, maana tangi limerudi kuwa jipya na kosa ni lako. Likitulia, mara moja kwa wiki inamtosha. Siku nyingine zote ni zako, zidai.

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mbuna, asili yangu miamba ya Ziwa Nyasa, sasa naishi ofisini kwa bosi. Kipimo kinasoma 1. Bosi anasema rafiki yake ana samaki wa mto Amazon, naye anasoma 1, na samaki wake wanacheza tu. Mimi nadeka? – Mwenye Milia*

Hudeki, baba. Kipimo hujumlisha vitu viwili: amoniamu, ambayo ina nafuu, na amonia huru, ambayo ndiyo muuaji. Mgawanyo wake hutegemea pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7, kama ya yule wa Amazon, huwa na amonia huru chini ya asilimia 1 ya jumla; kwenye maji ya pH 8, yanayokufaa wewe, hufika kama asilimia 5. Namba ni ile ile, lakini sumu yako ni karibu mara kumi ya yule wa Amazon. Bosi asikushushie pH, atakuongezea ugonjwa, abadilishe maji. Umeme ukikatika kwa saa nyingi asikulishe, maana filta ikisimama bakteria hukosa hewa nao hufa. Umeme ukirudi, apime kwanza.

Wengine mnaotaka kuniandikia: anzeni na namba ya kipimo. Barua inayoanza na "maji yanang'aa" sijibu tena.