Dhahabu ya Mfalme wa Uchina, Bei ya Kikuubo

Kampala kuna wanaokusanya viwanja, kuna wanaokusanya madeni, na tupo sisi wa sarafu. Hizi hapa tano, tukianzia mkiani.

5. Ya mfukoni. "Ssebo, ona, sumaku haiishiki! Dhahabu ya mfalme wa Uchina!" anakuambia mchuuzi wa soko la Kikuubo. Kweli haiishiki, ila na shaba haishikwi na sumaku. Ipime: mililita moja ya dhahabu ni gramu 19.3, ya shaba haifiki 9. Atakutolea cheti. Kizuri mno, wachapaji wa Nasser Road wanaijua kazi yao. Sasa sikiliza: kwa karne nyingi pesa ya Mchina wa kawaida ilikuwa ya shaba. Sarafu ya dhahabu ya tael moja, yenye joka, ilipigwa Tianjin mwaka 1906 na 1907, enzi za mfalme Guangxu, kama sampuli tu, na haikuingia sokoni. Huyu bwana anazo tatu, na ukichukua mbili anakuongezea ya tatu bure.

4. Kauri, simbi za baharini. Buganda zilinunua mbuzi kabla rupia haijafika. Pesa yenye meno, na bado haikuwahi kumng'ata fisadi.

3. Ya Papa. Paulo VI alipokuja mwaka 1969, Uganda ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 50, 100, 500 na 1,000. Hiyo ya 1,000 ina uzito wa gramu 138 na ushei. Shilingi 1,000 ya leo ni chapati, tena ubembeleze.

2. Senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye tundu. Ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyekiacha kiti cha enzi Desemba mwaka huohuo. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa umma. Huku kwetu zilinunua chumvi. Sura yake haimo. Tundu limekaa pale pale ambapo pua ingekaa.

1. Ya Manda. Mwaka 2013, kundi la watafiti akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba lilichimbua kisiwani Manda, karibu na Lamu, sarafu ya Yongle, mfalme wa Uchina aliyetawala 1402 hadi 1424 na kumtuma baharia Zheng He ng'ambo. Ni shaba na fedha, tundu la mraba katikati, dhahabu hakuna. Katika zote tano ndiyo ninayoiamini kabisa, kwa kuwa hakuna aliyejaribu kuniuzia.