Kauboi Asije Akatuharibia Watu

Wabelgiji walituonea huruma kweli. Mwaka 1945 waliamuru Mkongomani asitazame filamu ambayo haijapitishwa na kamati yao. Kauboi wa filamu za bei chee, yule wa kofia iliyotoboka anayelipiza kisasi cha kaka yake kabla farasi hajapumua, angeweza kumfundisha mchimba shaba kuua. Maskini mchimba shaba, hajui kutenganisha skrini na mtaa! Basi tukumbushane: tarehe 9 Desemba 1941, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wanajeshi wa kikoloni waliwamiminia risasi wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikufa makumi. Sijasikia kamati yoyote iliyouliza wanajeshi wale walikuwa wametazama sinema gani.