Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: naomba daftari la mistari lisubiri

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar,

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, mimi mwalimu wa maandalizi nisiye na cheo. Najua mezani kwako kuna mambo mazito kuliko penseli ya mtoto wa miaka 4. Naomba tu unisikilize kidogo.

Kwanza, shukrani. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na skuli za ghorofa zinazojengwa siku hizi tunaziona kwa macho yetu. Mungu akuzidishie wewe na watendaji wako. Ninachokuja nacho hakihitaji jengo, Mheshimiwa. Kinahitaji waraka mmoja.

Kuna skuli moja ya maandalizi hapa mjini niliyowahi kukaa darasani kwake. Watoto wa mwaka wa kwanza walipewa daftari la mistari waandike "a" ukurasa mzima. Mmoja alikamata penseli kwa ngumi, dole gumba limefichwa ndani. Bega limepanda hadi sikioni, miguu inaning'inia kwa vile kiti ni kirefu kwake, na alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Alipofika mstari wa nne akaacha, akaficha mikono chini ya meza. Mwalimu wake hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anaogopa wazazi, ambao jioni hulifungua daftari na kuuliza mbona leo hakuandika.

Mheshimiwa, kwa idhini yako nieleze kinachotokea ndani ya mkono ule. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa ikiwa bado gegedu, nayo hukomaa mmoja mmoja. Akiwa na miaka 4 kadhaa bado haijawa mfupa. Jicho nalo lina ratiba yake ya kuuongoza mkono. Mwaka 1967 Wamarekani Keith Beery na Norman Buktenica walitoa kipimo kinachotumia maumbo ya kunakili, na mpangilio wake mwalimu yeyote wa watoto anaujua kwa macho: mstari wa wima kwanza, kisha wa mlalo, duara karibu na miaka 3, alama ya kujumlisha karibu na 4, mraba baadaye, na pembetatu akishapita 5. Sasa tazama herufi K, M na V. Zote zina mistari ya mshazari. Mtoto asiyeweza bado kuchora pembetatu tunamtaka aandike M, kisha tunamwita mzito.

Watoto wetu wana jambo jengine ambalo vitabu vya kigeni havilitaji. Wengi hutoka skuli wakaenda chuoni kusoma Kurani. Kule kalamu huanzia kulia, kwetu huanzia kushoto. Akiigeuza 3 au E, naomba kwa unyenyekevu tusimwadhibu, maana anajifunza njia mbili kwa wakati mmoja. Na walimu wa chuoni wana la kutufunza: herufi yao ya mwanzo, alifu, ni mstari wa wima mmoja tu, ndio huo huo ambao mkono wa mtoto huuweza mapema kuliko yote.

Vya kuukomaza mkono huo tunavyo, Mheshimiwa, tena bure. Mtoto anayecheza mdako hurusha kijiwe juu, akazoa vyengine shimoni, akakidaka kabla hakijaanguka. Jicho na vidole vinafanya kazi pamoja. Kutunga asumini kwenye uzi hufunza ncha za vidole kubana kitu laini bila ya kukivunja. Kusuka ukili, hata wa miyaa mitatu tu, hufunza mkono mmoja ushike na mwengine utende, na hivyo ndivyo karatasi inavyoshikwa wakati wa kuandika. Wa Jambiani na Nungwi wana mchanga wa kuchoria usiokwisha. Hapa Mji Mkongwe penye uhaba wa nafasi, ubao uliotundikwa ukutani watosha, na chaki ivunjwe vipande vidogo kabisa, kwani kipande kidogo hakishikiki kwa ngumi.

Wala si mambo mageni. Mpango wa Madrasa wa elimu ya awali, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulijengwa juu ya michezo na vifaa vya mazingira ya mtoto, pamoja na dini yake. Uzoefu upo, na walimu wake tunao humu humu visiwani.

Wazazi hutuambia samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila hukunjwa, havunjwi. Na naomba nisieleweke kwamba napinga uandishi. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana alionesha kuwa watoto wasiojua bado kusoma, walioandika herufi kwa mkono wao wenyewe, sehemu za ubongo zinazohusika na kusoma ziliamka walipozitazama baadaye, tofauti na herufi walizozibofya kwenye kibodi au kuzifuatisha kwa nukta. Ndiyo sababu naupigania mkono huu uandaliwe vizuri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote ninaomba waraka wako useme kwamba mwaka wa kwanza wa maandalizi hauna daftari la mistari wala mtihani wa kuandika, skuli za serikali na za binafsi sawasawa. Wakaguzi wakifika waangalie maumbo ambayo mtoto anaweza kuyachora na namna anavyoshika chaki, wasidai kurasa zilizojaa. Na wazazi waelezwe hayo na Wizara yenyewe, kwani neno lako watalipokea pale ambapo letu sisi walimu halifiki.

Tunakuomba waraka huo ututangulie kabla ya skuli kufunguliwa Januari.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa maandalizi, Unguja