Kilimo Biashara, Ghorofa ya Tano

Vijana wa Kayole, furahini: semina nyingine ya kilimo biashara imetufikia. Cheti kipo, fulana ipo, soda ipo. Shamba? Hilo swali la wakorofi. Si mna roshani ya ghorofa ya tano na gunia la sukuma wiki, maji yakipatikana?

Wakufunzi wa semina hizi ndio soko wanalijua! Mwaka 2013 wimbo ulikuwa mayai ya kware, eti dawa ya kila ugonjwa; 2014 bei ikaporomoka, kware wakaishia sufuriani. Faida walikula wauza vifaranga na wauza mafunzo.

Mama mboga wetu, asiye na cheti hata cha kubatizwa, alfajiri yuko soko la Marikiti, Nairobi. Anayembebea gunia ana diploma ya kilimo biashara.