Mhanga na Kitabu cha Bonde

Paliondokea nchi ng'ambo ya milima saba, na mfalme wake akiitwa Simba, ambaye alishika ardhi yote kwa niaba ya raia wake, walao majani na walao nyama. Katika kitabu cha sheria kilichopigwa muhuri mwaka 2010, kikashonwa upya mwaka 2017, iliandikwa kwamba malisho ni ya anayelisha humo, bali kila kinachong'aa chini ya malisho ni mali ya wote, wala ukucha wowote usikiguse pasipo leseni. Sheria ilikuwa njema, na raia waliipokea kwa mikono miwili, maana waliwahi kuona wageni wakiondoka na shehena na kuwaachia mashimo.

Basi usiku mmoja Mhanga, ambaye kazi ya ukoo wake tangu mababu ni kuchimba akitafuta mchwa, alikuwa akibomoa kichuguu kando ya bonde alipoona udongo unameta makuchani. Mchwa hushuka chini sana kufuata unyevu, na wapandapo hupandisha chembe za huko. Wengine hupita kichuguu wasione kitu, bali Mhanga alikisoma. Akaifuata dalili kichuguu hata kichuguu, akaukuta mwamba mweupe wenye michirizi ya dhahabu. Hakuumega. Aliufukia, akamwambia mkewe, "Mama watoto, safari hii tule cha halali," akashika njia ya mjini.

Huko alimkuta Kobe, mtunza kitabu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Kalete muhtasari wa mkutano wa wenye malisho, na barua ya mlinzi wa msitu, kisha urudi." Mhanga akarudi bondeni. Pofu na swala wakakutana chini ya mkwaju, wakamhoji juu ya maji na mashimo hadi jua likazama, naye akaapa mbele yao kwamba kila shimo atalifukia. Katika mambo yote yaliyofuata, hiyo ndiyo mara pekee wakazi wa bonde walipoulizwa neno.

Aliporudi na karatasi zake, Kobe alilowesha kidole, akafunua ukurasa wa bonde. Wote ulikuwa umepigwa wino wa buluu, kutoka mlima hadi mto, na juu yake jina moja: Mwewe. Mhanga akaweka ukucha pale penye mwamba wake, udongo mwekundu ukabaki karatasini, na Kobe akaupangusa kwa ncha ya kanzu.

"Mzee, huyu alichimba lini?"

"Hakuchimba. Aliomba. Ana leseni ya utafiti ya miaka 4. Ikiisha huongezwa 3, kisha 2. Wewe mzaliwa ungestahili leseni ndogo ya miaka 7, lakini kwenye ardhi isiyo na mtu kitabuni."

Kumbe Mwewe alikuwa amepaa asubuhi moja isiyo na wingu, akazitazama pembe nne za bonde, akalipa ada, akaenda zake. Hakuwa na jembe wala hakujua harufu ya udongo. Alikuwa akingoja Nyangumi apite pwani amuuzie ukurasa. Nami sisemi kwamba kutangulia kuandikwa ni kosa, kwa kuwa pasipo utaratibu huo wenye meno wangeraruana kila kukicha. Lakini sheria ilimtaka aliyeandikwa afanye kazi, na katika ofisi nzima hapakuwa na aliyekwenda kutazama kama anaifanya. Mali ya wote ikalaliwa na mmoja, na wenye njaa wakaitwa wavamizi juu ya vichuguu vya babu zao.

Haukupita mwezi, Mwewe akatua mlangoni kwa Mhanga. "Ndugu yangu, nasikia una pua. Ingia uchimbe; katika viroba 10, 6 vyangu." Leseni ya utafiti haikuruhusu kuchimba mali, na wote wawili walijua. Mhanga akawatazama watoto wake, akakubali.

Alichimba usiku, haraka haraka, na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, hakuliwekea magogo, kwa sababu anayeweza kufukuzwa asubuhi yoyote hakati miti ya kuegemeza kuta za kesho. Masika yalipokolea, ukuta ulishuka na mpwa wake akiwa ndani. Walimtoa siku ya pili. Waliomjua walilia, kitabuni hakuandikwa, kwa kuwa hakuwahi kuwa na ruhusa ya kuwa mle.

Mwaka wa 4 ulipotimia, Kobe alifika bondeni kukagua kabla ya kuongeza muda. Mwewe alimtembeza kwenye mashimo na marundo ya kifusi, akamwambia, "Haya ndiyo mashimo yangu ya utafiti." Kobe akayahesabu moja moja, akaandika kwamba mwenye leseni amefanya kazi, akampa miaka 3 mingine. Kisha akaona nyayo za Mhanga ukingoni mwa duara, akaamuru mvamizi aondolewe kabla ya Ijumaa.

Pofu mzee akajitokeza mbele ya wenzake. "Mzee Kobe, yuko aliyetuapia kwamba mashimo haya yatafukiwa. Mkimwondoa, nani atafukia?" Kobe akauliza jina la aliyeapa, akafunua kitabu, akatafuta ukurasa hata ukurasa, asilione.