Sifa za Hojaji

Siku ya mahafali, wapiga picha wanaojaa kwenye malango ya vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru hulenga joho, kofia na mashada ya karatasi zinazometameta shingoni. Hakuna anayeipiga picha hojaji. Hiyo ndiyo iliyonyeshewa Runyenjes, ikakunjwa mfukoni mwa mtu wa bodaboda Kangeta, ikamwagiwa chai Siakago, kisha ikarudi mjini na tiki zote ilizotumwa kutafuta. Mwenye joho huitwa jukwaani kwa jina. Hojaji, ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba mtu asiandike jina, hubaki ndani ya katoni chini ya kitanda. Basi na ipewe haki yake leo.

Kwa sura haina makuu. Ni karatasi tano za A4 zilizobanwa pembeni kwa pini ya stepla, pini ambayo huchoma kidole cha kila anayeijaza. Ina Sehemu A, inayotaka kujua kama umri wako ni kati ya 36 na 45, na Sehemu B hadi E, zinazotaka kujua kila kitu kingine. Juu kabisa kuna barua fupi inayoahidi kwamba majibu yako yatatumiwa kwa madhumuni ya kielimu tu. Ahadi nyingi hutolewa nchini Kenya. Hii ni miongoni mwa chache zinazotimizwa neno kwa neno.

Nasaba yake si ya kubezwa. Katika miaka ya 1870 Francis Galton aliwatumia wanasayansi wa Uingereza maswali mengi kuhusu wazazi wao, elimu yao na hata kipimo cha kofia zao, na Charles Darwin, mtu mwenye shughuli nyingi, alijaza yake. Mwaka 1932 Rensis Likert akaleta ile ngazi ya vidato vitano, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, na aliileta katika tasnifu yake ya uzamifu kule Columbia, New York. Wanafunzi wa uzamili wa Embu wanaoilaani ngazi hiyo saa saba za usiku wajue kwamba aliyewapa ni mwanafunzi mwenzao.

Lakini muujiza wake mkubwa ni namba 384.

Mwaka 1970 Robert Krejcie na Daryle Morgan walichapisha makala ya kurasa nne yenye jedwali moja. Unatafuta idadi ya watu wako upande huu, unasoma ukubwa wa sampuli upande ule. Sasa twende nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 katika kaunti ya Embu. Jedwali linasema 384. Meru ilikuwa na watu 1,545,714. Jedwali linasema 384. Viongozi wa Mlima Kenya wamezunguka kwa miaka wakidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, na wengine wakabishana nao hadi sauti zikakauka. Hojaji ilishaamua zamani: Mmeru mmoja anawasemea wenzake 4,025, Mwembu mmoja 1,585, na hakuna aliyeandamana. Hesabu yenyewe ni halali, tusiionee. Inahitaji tu kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, sharti ambalo ni gumu kidogo kulitimiza ukiwa umeketi kwenye kituo cha matatu ukingoja mwenye sura ya upole.

Karatasi tano mara 384 ni 1,920, yaani karibu rimu nne. Ukitaka kujua ni nani hasa aliyefurahia kupanuka kwa elimu ya juu katika eneo hili, usimuulize waziri. Muulize mwenye duka la fotokopi. Chuo Kikuu cha Embu kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikapata hati yake mwaka 2016. Chuka, kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, na Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru vilipata zao mwaka 2013. Kisha mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaweka viwango vilivyotaka wahadhiri wawe na uzamifu, ikatoa miaka mitano. Watu waliozoea kutunga mitihani wakajikuta wanarudi darasani kuifanya. Ongeza walimu wa sekondari wanaotafuta cheo, wauguzi, maafisa wa kilimo, makarani wa kaunti, wote wakisoma Jumamosi na likizoni, wakilipa karo kwa mkopo wa SACCO. Kila mmoja wao, akifika Sura ya Tatu ya tasnifu yake, huja na katoni yake kwenye mashine.

Na hojaji huwafundisha mambo ambayo ukumbi wa mihadhara hauna. Huwafundisha jiografia, kwanza ile ya ofisi. Kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambacho humtaka mtafiti ajitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kumsemesha mtu yeyote. Kamishna humtuma kwa naibu wake, naibu kwa chifu, chifu kwa mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji ameenda mazishini. Halafu ndipo huja jiografia ya miguu: kushuka Mbeere kwenye joto, kuvuka mto Thuci, kupanda hadi Maua kwenye baridi, yote kwa viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya kutetea pendekezo mbele ya jopo.

Wasiojua hudai kwamba hojaji ni mdadisi. Kinyume chake, ni karatasi yenye haya sana. Haitaki kujua kupita kiasi. Fikiria mkulima wa miraa wa Igembe. Juni 2014 Uingereza iliipiga marufuku miraa, na soko la ng'ambo alilolitegemea likafungwa. Mwenzake wa muguka kule Mbeere aliona jambo kama hilo kutoka ndani ya nchi yake mwenyewe, Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipokataza zao lake. Mkulima kama huyo akiulizwa, anaweza kuanza na mti aliorithi kwa babu, akapitia bei ya miraa ya daraja la kangeta na ya alele, akafika kwenye karo ya mtoto wa tatu, na jua likatua simulizi bado iko uwanja wa ndege wa Heathrow. Hojaji humwokoa kutokana na maneno mengi kiasi hicho. Humwekea sentensi moja: “Marufuku ya soko yameathiri mapato yangu.” Chagua moja hadi tano. Anachagua nne. Akisisitiza kwamba ana la kuongeza, chini kuna mahali palipoandikwa “Mengineyo, eleza”, na mstari wa nukta wenye urefu wa kidole gumba.

Chuo cha Nchiru kinapakana na makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ambako shauri linaweza kusikilizwa kutwa nzima na kila mwenye neno akalimaliza. Mzee wa baraza hilo hilo, akikabidhiwa hojaji, hufanywa amalize maoni yake yote kuhusu utawala, ardhi na vijana kwa dakika ishirini. Kama huo si ufanisi, basi neno hilo halina maana.

Adabu ndiyo sifa yake nyingine, ingawa hapa sharti tukiri kwamba adabu yenyewe ni ya watu. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza, hutafsiriwa kwa Kiswahili barabarani, na hufika kwa mama ikiwa katika Kiembu, Kimbeere, Kitharaka au Kimeru, mlangoni, kwa mdomo wa mtu aliyelala kwa saa nne tu. Tofauti kati ya kukubali na kukubali kabisa haivuki salama mito yote hiyo. Tena mgeni ametoka mbali, amekaribishwa kiti, amepewa chai. Kumkatalia neno alilolibeba kwenye karatasi si tabia njema.

“Sasa mama, hapa unakubali, au unakubali kabisa?”

“Kijana wangu, wewe weka lile litakalokusaidia umalize shule.”

Mazungumzo ya namna hiyo hayamo katika Sura ya Nne. Kilichomo ni wastani wa 4.1, pamoja na sentensi kwamba wengi wa wahojiwa walikubaliana na kauli. Wataalamu wa takwimu wanaujua ugonjwa huu wa watu kuitikia kila kauli, na wameandika sana kuuhusu. Wazee wetu waliishia kuuita heshima.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Embu ilianza kuulizwa maswali jana. Tarafa ya Kyeni ina uzoefu ambao wilaya nyingi za dunia hazina. Kati ya 1984 na 1986, katika utafiti wa lishe uliofanywa pia Misri na Mexico, watafiti walizunguka nyumbani kwa wakazi wake wakipima chakula na watoto. Mwaka 1998 kundi lililoongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likarudi, safari hii katika shule 12. Watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule walipewa githeri yenye nyama, kwingine githeri na kikombe cha maziwa, kwingine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chochote. Waliokula nyama walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003, yakasomwa ulimwenguni. Familia za lile kundi la nne, lililopimwa miaka yote hiyo bila kuonja, mwishoni zilipewa mbuzi wa maziwa.

Mbuzi huyo ameiharibia hojaji jina bila kosa lake. Mwanafunzi wa uzamili hana mbuzi. Ana kalamu ya shilingi kumi, ambayo mara nyingi huomba arudishiwe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakuwa wamemwona mgeni anayekuja na Sehemu A hadi E. Walisema pia mgeni wa siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu haondoki na jembe kwa sababu hafiki siku ya tatu. Huondoka saa hiyo hiyo, akiwahi matatu ya mwisho, na mwenye nyumba hatamwona tena.

Limebaki suala la kurudi. Olive Mugenda na Abel Mugenda, ambao kitabu chao cha mbinu za utafiti hunukuliwa Kenya karibu kila tasnifu inapofunguliwa, huleta faraja hapa: hojaji zikirudi asilimia 50 inatosha, 60 ni vizuri, 70 ni vizuri sana. Kwa hiyo aliyegawa 384 na kurudishiwa 269 hutembea kifua mbele. Hizo 269 huingizwa kwenye kompyuta, zikageuka majedwali, majedwali yakageuka tasnifu yenye jalada gumu na herufi za dhahabu, nakala moja kwa maktaba, nyingine kwa idara, na ripoti kwa NACOSTI. Huko rafuni zimetulia.

Zile 115 zilizopotea ndizo zenye maisha. Moja inawasha kuni Kyeni alfajiri, kwa kuwa karatasi ya fotokopi hushika moto haraka kuliko gazeti. Nyingine inafunga njugu za shilingi ishirini kwenye soko la Embu. Moja imegeuzwa upande mtupu, mtoto wa darasa la tano anafanyia hesabu za kugawanya. Na huko Laare, kwenye dirisha lililopasuka kioo, Sehemu E imebandikwa kwa ugali kuzuia upepo wa Nyambene, maandishi yakitazama ndani, na mwenye nyumba akilala chali anaweza kuisoma kauli ya 27: “Utafiti huu utainufaisha jamii yangu.” Visanduku vyote vitano bado ni vitupu.